Nilitumwa Kwenye Kitabu

Juzi, sokoni hapa Lubumbashi, mjukuu wangu alibana pua. Tulikuwa tumesimama karibu na mama mmoja aliyetandaza mihogo ya kulowekwa, ile iliyokaa majini mpaka ikalainika na kuanza kuvunda, na yeye akauliza kama kuna kitu kimefia pale. Mimi nilikuwa nimefumba macho, navuta pumzi kwa nguvu zote. "Nkambo, unafanya nini?" akaniuliza. Nikamjibu, "Ninasoma." Akamtazama yule muuzaji kwa macho ya kuomba radhi, kama mtu ambaye bibi yake ndiyo kwanza amerukwa na akili.

Wenzangu wa umri wangu, hasa ninyi mliokulia kama mimi Nchelenge na kandokando ya Ziwa Mweru, ng'ambo ya mpaka, hamtanicheka. Kwenu hiyo ni harufu ya chakula. Kwangu ni harufu ya kitabu cha darasa la nne, na nikiipata ghafla namna ile, moyo unanidunda kama nimeitwa mbele ya darasa.

Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja kwa watoto wanne. Kilikuwa cha Kiingereza, na ili kisichakae tuliagizwa tukivalishe karatasi ya mfuko wa saruji na kuibandika kwa gundi ya unga wa muhogo. Unga huo ulitoka kwenye mihogo ileile iliyovundikwa, kwa hiyo kila tulipokifungua, kitabu kilinuka jikoni kwa mama. Mende walikipenda sana. Tulikizunguka sakafuni, wenzangu wakigombania upande wa chini na ubavuni, na mimi niliyekuwa mdogo wa umbo, nisiyeweza kusukumana na mtu, nikaachiwa upande wa juu. Ndivyo nilivyojifunza kusoma Kiingereza kichwa chini miguu juu, na kwa muda mrefu niliamini kwamba watu wenye akili wote husoma hivyo.

Siku zile kusoma ilikuwa kazi ya koo. Mwalimu wetu, Mwalimu Chanda, kijana mrefu kutoka bara, upande wa Kawambwa, alisoma sentensi moja, nasi tukaipokea kwa sauti, darasa zima, tena na tena, mpaka wavuvi waliokuwa wakishona nyavu pale chini ufukweni wakazijua kurasa kadhaa kwa moyo bila kuelewa hata neno moja. Sisi nasi, kusema kweli, hatukuwazidi sana. Lakini mimi niliweza kukiimba kitabu kizima bila kukitazama. Baba akija na wageni aliniita niwaimbie ukurasa, nao wakatikisa vichwa na kupiga makofi. Kama kulikuwa na mtoto aliyejiona msomi kuanzia Kabuta mpaka Chienge, basi ni mimi.

Mwisho wa mwaka ulikuwa unatusubiri mtihani, na mtihani huo ndio ungechagua nani aende shule ya bweni ya misheni kuanza darasa la tano na nani abaki. Nafasi za wasichana zilikuwa chache mno. Niliitaka moja mpaka nikawa naiota, na katika ndoto hiyo shule ya misheni ilikuwa na kitabu kizima kwa kila mtoto. Baba alikuwa ameshatoa neno lake: nikifaulu nitakwenda, nisipofaulu nitakwenda Kabuta kwa shangazi kukausha samaki. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Aliendelea kupepeta unga, kisha akauliza tu, "Na mimi nitasema na Mama Kalenga kwa kinywa cha nani?"

Mama Kalenga alikuwa mfanyabiashara wa upande wa Kongo. Alivuka ziwa na chumvi, sabuni na vitenge, akaondoka na samaki wetu wa kukaushwa. Yeye alisema Kiswahili cha Katanga, na mama yangu, mtu wa bara, alijua Kibemba peke yake. Mimi nilikuwa nimekiokota Kiswahili kwa baba, aliyekulia upande wa Pweto, hukohuko Kongo, kwa hiyo nilisimama katikati yao na kupeleka maneno huku na huku. Nilipomsikia mama akiuliza swali lile nilielewa jambo moja tu: hataki niende. Liliniuma, na nililibeba hivyo, kimyakimya, wiki baada ya wiki.

Kabla ya mtihani wa kweli, Mwalimu Chanda alitupa wa majaribio. Alituandikia ubaoni habari ya mvuvi mmoja aitwaye Joni. Baada ya chakula cha mchana Joni alikwenda ziwani, akavuta wavu, akapata samaki wengi, akampelekea mjane jirani yake sehemu ya samaki hao. Chini yake yakaja maswali. Joni alikwenda ziwani wakati gani? Alifanya nini na samaki? Alikuwa mtu wa namna gani?

Sasa niambieni ninyi mnaolijua ziwa. Wavu hutegwa jioni, huvutwa alfajiri. Mtu anayevuta wavu jua likiwa utosini, anavuta wavu wa nani? Tulitazamana darasani, tukaguna. Hakuna aliyemwibia mwenzake majibu, hakukuwa na haja. Rafiki yangu Musonda, mvulana mwenye mbio kuliko sisi sote, aliandika kwamba Joni apelekwe kwa chifu. Mimi niliandika kwamba Joni ni mwizi, kwamba samaki walikuwa wengi kwa sababu ni wa watu, na kwamba mjane alipewa ili anyamaze. Niliona nimejibu vizuri mno, hasa hapo kwa mjane. Nilitoka nje naruka.

Kesho yake Mwalimu Chanda aliingia na karatasi zetu, akaketi, jambo ambalo hakulifanya kamwe.

"Hata mmoja," alisema. "Hata mmoja wenu! Mtu amempa mjane samaki, ninyi mnamfunga jela?"

Musonda akasimama, akamwita mwalimu kwa Kibemba chetu cha adabu. "Ba Kafundisha, mukwai, alivuta wavu mchana."

"Nani aliwauliza habari za nyavu?"

"Lakini mchana, mukwai!"

"Majibu yote yamo ndani ya kitabu!" Mwalimu alikuwa amekishika kitabu chetu na kukipiga piga kwa kiganja, vumbi la unga likitoka. "Ubaoni, kitabuni, ni mamoja. Yamo humu ndani. Hamtaki kuyatafuta!"

Nilimwamini. Sikuwa mtoto wa kubishana na mwalimu. Zamu ya kukichukua kitabu nyumbani ilikuwa yangu, na njiani kote nilijiuliza majibu hayo yamewekwa wapi. Kurasa zote nilizijua, ningeweza kuziimba. Hakukuwa na majibu popote, ni habari tu, maswali na picha. Palibaki mahali pamoja tu ambapo jicho langu halijawahi kufika, nako ni chini ya lile gamba la karatasi ya saruji tulilolibandika wenyewe. Nilifika nyumbani, nikachota maji kwa kiganja, nikalowesha karatasi, nikaanza kulibandua taratibu. Nilikuwa karibu kuyaona majibu yote ya dunia.

Chini yake kulikuwa na picha ya mtoto wa kizungu na mbwa. Basi. Nikakichunguza kitabu nyuma, nikakikung'uta, hakikudondoka kitu isipokuwa mende mmoja. Nililia kidogo, kisha hofu ya mwalimu ikanizidi, nikakoroga gundi mpya ya muhogo kwenye kigae na kuanza kulibandika gamba upya. Nikiwa katika hali hiyo, gundi mpaka viwikoni, ndipo Mama Kalenga alipofika na kapu lake la chumvi, jasho likimtoka, akiita kwa sauti tangu njiani.

Aliuliza kama samaki wakubwa wapo. Mama akaniambia kwa Kibemba nimwambie wakubwa watakuja keshokutwa. Lakini mimi nilikuwa najua mambo. Nilijua baba yuko kisiwani Kilwa, kile cha humu ziwani mwetu, nilijua upepo ulikuwa mbaya tangu jana. Kwa hiyo nikamwambia Mama Kalenga kwamba mama anasema upepo mbaya, samaki watachelewa, wiki hii hawapo, afadhali ajaribu Kabuta.

Mama Kalenga akamtazama mama, kisha akanitazama mimi.

"Weye mutoto, ile yote ni mama yako alisema? Maneno yake ilikuwa mufupi. Yako iko murefu."

Nikainamia kigae changu cha gundi.

"Bon. Sikia. Miye nauliza mama yako anasema nini. Siulizi weye unajua nini. Upepo, miye mwenyewe niko na macho, nimetoka nayo ku maji." Akaweka kapu chini. "Rudia kwa mama. Muulize: samaki ya mukubwa inakuya siku gani? Ile tu. Chunga swali mu kichwa, enda, leta jibu. Usiongeze chumvi yako. Chumvi, miye ndiye naleta."

Alicheka mwenyewe, na mama, ambaye hakuelewa neno, akacheka kwa sababu Mama Kalenga anacheka. Nilirudi kwa mama na lile swali moja, nikaleta lile jibu moja, keshokutwa, nao wakakubaliana vizuri. Kisha nikarudi kwenye kitabu changu chenye mbwa.

Na pale, nikiwa nimechutama juu ya kigae cha gundi, jambo likanijia kwa ghafla mpaka nikasimama. Mtu aliyetunga habari ya Joni alikuwa ametuma maneno. Mimi sikumjua, yuko mbali, labda ziwa lake si kama letu. Na mtu mwingine alikuwa ananiuliza: huyo amesema nini? Hakuna aliyeniuliza mimi najua nini. Na mimi nilikuwa nimeacha maneno yake, nikapeleka upepo wangu mwenyewe!

Habari ya Joni nilikuwa nayo kichwani, lakini nilitaka kujaribu pengine. Nikafungua ukurasa wowote, wa msichana aliyekwenda kisimani, ukurasa nilioimba labda mara elfu. Chini yake kulikuwa na swali ambalo siku zote tuliliimba pia, kama sehemu ya wimbo: Kwa nini msichana alirudi nyumbani? Nikalishika swali kichwani. Nikafunga mdomo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusoma mdomo umefungwa, na ukimya ulinitisha, kwa sababu nilidhani herufi haziamki bila sauti. Nikaingia ukurasani polepole kwa kidole chenye gundi, nikipita maneno ambayo sikutumwa kwayo, mpaka nikafika: ndoo ilikuwa inavuja. Ndoo inavuja! Miezi yote hiyo nilikuwa naimba ndoo inayovuja bila kujua kwamba kuna ndoo. Nikapiga kelele. Mama akaja mbio na mchi mkononi akidhani ni nyoka.

Nilikimbia mpaka kwa Mwalimu Chanda nikiwa na gundi vilevile. Alikuwa anafua shati nyuma ya nyumba. Nilimweleza kila kitu kwa mkupuo, Mama Kalenga, upepo, chumvi, ndoo, hata kuhusu gamba nilimwambia. Alibaki na shati likidondosha maji, kisha akaanza kucheka taratibu, kicheko cha mtu aliyetolewa mwiba. "Kesho," alisema, "njoo umevaa nguo ya kukimbilia."

Ah, wenzangu, siku hizo zilizofuata! Mwalimu aliubeba ubao mpaka nyuma ya kanisa, karibu na mahali wavuvi wanapopindua mitumbwi, akaandika habari mpya. Sisi tukabaki darasani. Alimnong'oneza mmoja mmoja swali sikioni, na hapo ndipo ulipotoka mbio, ukafika ubaoni, ukatafuta, ukarudi mbio kumwambia ulichotumwa, hicho tu. Musonda siku ya kwanza hakusubiri swali. Alichomoka, akafika wa kwanza, akarudi wa kwanza, anahema, ameng'aa uso.

"Haya, umeleta nini?" mwalimu akamuuliza.

"Nimeona maneno mengi, mukwai!"

Tulianguka chini kwa kicheko, na Musonda mwenyewe akacheka kuliko sisi. Tangu siku hiyo alisimama kama amefungwa kamba mpaka apate swali lake. Wavuvi waliacha nyavu wakawa wanatushangilia. Kadiri tulivyozoea, mwalimu akaanza kutuchezea. Mara jibu alilikata vipande viwili, nusu juu ya ubao nusu chini, nawe ilibidi uviunge njiani. Mara aliuliza jambo ambalo ubao haukulisema kabisa, na jibu sahihi likawa kurudi na kusema, "Hakusema." Neno hilo lilimlewesha Musonda. Akiulizwa nyumbani kama ameleta kuni, alijibu, "Hakusema."

Uimbaji uliisha. Darasa letu likawa kimya mpaka wazazi wengine wakaja kuuliza kama mwalimu anaumwa. Nami kila jioni nilikaa mbali kidogo na mama anapopika, nikituma maswali kwenye kitabu na kuyapokea yakirudi, nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumwonyesha yeye. Niliogopa kwamba kila jibu ninalolipata linamwondolea kinywa chake.

Siku ya mtihani alikuja msimamizi mgeni, bwana mwenye miwani na kaptura iliyopigwa pasi. Kila mtoto akapewa karatasi yake mwenyewe. Niliigeuza kichwa chini, kwa kuwa ndivyo macho yangu yalivyozoea. Msimamizi akapita, akaigeuza vizuri, akaenda. Nikaigeuza tena. Akarudi, akasimama, akaangalia kidole changu kikitembea kutoka kulia kwenda kushoto, akaendelea na safu yake.

Habari yenyewe ilimhusu mama mmoja aliyechimba mihogo, akaimenya, akaitwanga papo hapo, akawapikia wanawe jioni ileile. Papo hapo! Bila kuiloweka! Darasa zima liliguna. Mihogo yetu ya Nchelenge ni michungu, na mtoto anayeanza kutembea anajua kwamba usipoiloweka inaua. Nyuma yangu nilimsikia Musonda akikohoa, kikohozi cha mtu anayetaka kumpeleka mama wa watu kwa chifu. Nami mwenyewe niliikaza kalamu mkononi, nikitaka kumwokoa yule mama na wanawe. Kisha nikasikia sauti ya Mama Kalenga waziwazi: siulizi weye unajua nini. Nikacheka peke yangu, nikasoma maswali kwanza, nikaenda nayo, nikarudi. Alifanya nini kwanza? Alichimba. Aliwapikia nani? Wanawe. Walikula lini? Jioni ileile. Sikuongeza chumvi hata chembe.

Nilikuwa nimebakiza swali la mwisho na furaha imenipanda kichwani. Nililitupia jicho, nikaona halina jibu kwenye habari, nikaandika herufi za kwanza za "hakusema." Hapo mkono ukasita. Nikalisoma tena, safari hii nikaigeuza karatasi upande alioutaka msimamizi ili nihakikishe. Kwako, mihogo hupikwaje?

Kwako. Walikuwa wananiuliza mimi. Baada ya safari zote hizo, hatimaye mtu alitaka kujua mimi najua nini! Nikafuta, nikaanza kuandika kwa Kiingereza changu chote. Nikaandika kwamba tunaichimba, tunaitia majini, tunangoja. Nikaandika kwamba mama hatazami, hunusa, na harufu ikimfika pale anapokaa, ndipo husema imeiva. Nikaandika kwamba kitabu changu kinanuka hivyo. Mpaka kengele inagongwa nilikuwa bado naandika.

Majibu yalipokuja, Mwalimu Chanda alianza kuliita jina langu akiwa bado njiani, shati likipepea, na nyuma yake Musonda akikimbia na kupiga kelele kwamba yeye pia, yeye pia. Niliruka mpaka nikakosa pumzi. Kisha nikageuka kumtazama mama. Alikuwa kwenye kinu. Alimshukuru mwalimu kwa kupiga magoti, kama inavyopasa, akarudi kutwanga. Kwangu hakusema neno, na furaha yangu ikapungua nguvu nikiwa nimesimama palepale.

Mama Kalenga alifika kabla sijaondoka. Nilijiandaa kwa habari za samaki. Lakini mama alisimama, akafuta mikono kwenye kitenge, akamkazia macho Mama Kalenga, si mimi, akaanza kusema Kibemba, tena kwa kirefu, yeye ambaye maneno yake yalikuwa mafupi siku zote. Alipomaliza hakuniangalia. Alisubiri nipeleke.

Nikageuka upande wa Mama Kalenga.

"Mama yako anasema nini?" Mama Kalenga akauliza.

Nilitaka kukata katikati. Nilitaka kuongeza. Lakini nilikuwa nimeshafundishwa, kwa hiyo nikasimama wima nikampelekea kama yalivyo.

"Mama anasema mutoto wake anaenda ku masomo. Anasema kila jioni alimuomba Mungu mutoto apite, na kila asubui aliogopa mutoto atapita kweli. Anasema nyumba itanyamaza. Anasema atajifunza Kiswahili polepole, umuvumilie. Anasema mutoto asirudie nyuma sababu ya mama yake."

Nilifika mwisho bila kuongeza neno. Mama Kalenga alisogea karibu. Kisha akaweka mkono wake mzito begani kwangu, akanigeuza nimtazame mama.

"Mwambie mama yako, nimesikia. Na miye niko na swali moja. Mutoto, na yeye amesikia?"

Nikalishika swali, nikalipeleka kwa mama kwa Kibemba, na kwa kuwa jibu lilikuwa kwangu, nikamwambia mwenyewe: mtoto amesikia.